Madogo wa Mafia hawana upungufu wa kipaji, wana mguu wa mchanga

MSIMU wa usajili ukikaribia, boti zinazotoka Kilindoni kwenda Nyamisati hazikosi abiria wa aina moja. Ni kijana mwenye begi dogo, njumu za kuazima ndani yake, na namba ya simu ya mjomba anayeishi Mbagala au Temeke. Anakwenda majaribio. Nyuma yake kuna watu waliouza nazi au pweza ili nauli ipatikane.

Baada ya siku mbili tatu, wengi wao hupanda gari la kurudi Nyamisati. Hukumu wanayorudi nayo ni ile ile: dogo ana nguvu, ana mbio, lakini ni wa mchangani.

Hukumu hiyo ni nyepesi mno kwa jambo zito kama hili. Kwa lugha ya mashabiki wa soka nchini, mchangani ni mtaani, ni ndondo, ni mpira wa kujifurahisha. Kwa mtoto wa Mafia, neno hilo ni mchanga kweli kweli. Ni ule unaomeza kisigino, unaozima mpira na kuingia kati ya vidole. Mguu wake umesomea hapo tangu akiwa na miaka mitano. Ukimpeleka ghafla kwenye nyasi bandia za Chamazi na kumpa dakika 40 za kujieleza, unachokiona ni mguu uliohamishwa darasa bila kuambiwa. Kipaji chake hujakiona bado.

Swali ambalo makocha na klabu wanapaswa kujiuliza ni hili: kati ya vile alivyokuja navyo huyu dogo, kipi kibaki, kipi kirekebishwe, na marekebisho yanahitaji siku ngapi?

MCHANGA UNAFUNDISHA NINI

Tuanze na faida, kwa sababu zipo na ni kubwa.

Kukimbia kwenye mchanga mkavu ni kazi. Utafiti wa wanasayansi wa Ubelgiji uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa mtu anayekimbia mchangani hutumia nguvu karibu mara 1.6 ya anazotumia kwenye sehemu ngumu. Mguu unazama, unateleza kidogo nyuma, na misuli ya ndama na paja inalipa gharama. Kijana aliyekua hivyo huja na miguu yenye nguvu na pumzi ya kutosha.

Faida ya pili ni umiliki wa mpira wa juu. Mchangani pasi ya chini haifiki mbali, kwa hiyo mpira lazima uinuliwe. Mtoto anajifunza mapema kupokea kwa kifua, kwa paja na kwa bega, na kupiga kabla mpira haujagusa chini. Tikitaka, ambayo kwa mtoto aliyekulia kwenye uwanja wa changarawe ni kutafuta kuvunjika mkono, kwa mtoto wa pwani ni mchezo wa kila jioni kwa sababu anaanguka pahali laini.

Faida ya tatu ni mizani ya mwili. Hakuna hatua mbili zinazofanana mchangani. Mwili unazoea kujisawazisha kila mara, na ndiyo maana beki wa bara akimgonga bega dogo wa kisiwani mara nyingi hushangaa kuona bado amesimama.

Haya ni mtaji. Lakini mtaji huo umekuja na madeni yake.

MADENI MANNE

Deni la kwanza ni kuchota. Mchangani mpira umekaa ndani ya kishimo, kwa hiyo mguu lazima uingie chini yake. Mwili unalala nyuma, vidole vinainuka, mpira unapaa. Ukifanya hivyo hivyo kwenye nyasi, pasi ya mita 10 inamfikia mwenzako ikirukaruka gotini, na shuti la ndani ya boksi linapita juu ya mwamba. Jukwaani watu watasema dogo hana shabaha. Shabaha anayo. Anapiga mpira uliokaa juu kana kwamba bado umezama.

Deni la pili ni mguu wa kusimamia. Huu ndio mguu ambao mashabiki hawautazami, lakini ndio unaoamua shuti. Mchangani unazama, kwa hiyo mchezaji anauweka nyuma kidogo ya mpira na kusubiri utulie. Kwenye nyasi hauzami. Ukiwa nyuma ya mpira, kifua nacho kinabaki nyuma na mpira unakwenda juu. Makocha wengi humwambia mchezaji ainamie mpira, naye anainamisha kichwa tu, kwa sababu hakuna aliyemwambia asogeze mguu.

Deni la tatu ni mguso wa kwanza. Mchanga unakusaidia kuua mpira. Ukitua, umetua. Mtoto hajifunzi kurudisha mguu nyuma ili kuupokea, kwa sababu ardhi inamfanyia kazi hiyo. Kwenye nyasi bandia hakuna msaada huo. Mpira unagonga mguu mgumu na kwenda mita tatu mbele, beki anaunasa, kocha anaandika alama ya kosa kwenye karatasi yake.

Deni la nne ndilo la hatari, kwa kuwa linaweza kumaliza safari yote. Mchangani ukigeuka kwa kasi, unyayo unazunguka pamoja nawe. Mchanga unaachia. Njumu kwenye nyasi bandia haziachii. Meno yanashika chini, mwili unageuka, na goti linabaki katikati. Makocha na madaktari wa michezo wanajua hadithi ya namna hiyo inavyoishia: kano ya goti, upasuaji, na miezi mingi nje. Kwa mchezaji mwenye mkataba, klabu inalipa. Kwa dogo wa majaribio, anayelipa ni mzazi aliyeko Kirongwe au Jibondo.

Ongeza hapo njumu za kuazima ambazo ni kubwa kwa namba moja, kwa kijana aliyezoea kucheza pekupeku na kuusikia mpira kwa ngozi, na utaelewa kwa nini siku ya kwanza ya majaribio ni msiba.

ALIYETOKA BESIBOLI AKAWEZA GOFU

Jambo hili la kuhama na mwili uliozoea mchezo mwingine si la Mafia pekee. Mfano mzuri kuliko yote unatoka Marekani, kwa mtu ambaye mashabiki wengi wa soka hawajawahi kumsikia: Sam Byrd.

Byrd alikuwa mchezaji wa besiboli wa New York Yankees kuanzia mwaka 1929 hadi 1934, enzi za Babe Ruth, ambaye kwa Wamarekani ni jina kubwa kama Pele kwa watu wa kandanda. Ruth akichoka mwishoni mwa mchezo, Byrd ndiye aliyeingia kukimbia na kudaka badala yake, hata akabandikwa jina la miguu ya Babe Ruth. Baadaye alicheza misimu miwili Cincinnati Reds, kisha akaachana na besiboli na kuingia gofu ya kulipwa.

Kwa macho ya haraka, michezo hiyo miwili inafanana: unashika kitu kirefu kwa mikono miwili, unazungusha mwili, unapiga mpira. Ugumu umejificha hapo hapo. Kwenye besiboli mpira unakuja kwa kasi, kati ya goti na kifua, na gongo linapita karibu sambamba na ardhi. Kwenye gofu mpira umelala chini, hautembei, na fimbo lazima ishuke kuufuata. Mpiga besiboli anayeingia gofu bila kurekebishwa hurusha mwili mbele mapema, mikono inatengana na kiwiliwili, uso wa fimbo unachelewa kufunga, na kwa anayetumia mkono wa kulia mpira unapinda kwenda kulia, msituni.

Byrd hakuitupa besiboli yote. Simulizi iliyobaki kwa walimu wa gofu waliopita mikononi mwake ni kwamba alibeba zoezi moja alilolikuta kwa Ruth: kubana kitambaa kwapani, upande wa mkono unaotangulia, kisha kupiga bila kitambaa kuanguka. Kitambaa kikianguka, mkono umetengana na mwili. Kikibaki, nguvu za kiuno zimefika kwenye mpira. Zoezi la besiboli likawa dawa ya gofu. Alichobadilisha ni njia ya fimbo na namna ya kusimama. Mzunguko wa mwili, ambao ndio uliokuwa mtaji wake, akaubakiza.

Matokeo yake yameandikwa. Byrd alishinda mashindano 6 ya gofu ya kulipwa ya PGA. Mwaka 1945 alifika fainali ya ubingwa wa PGA na kufungwa na Byron Nelson, ambaye mwaka huo huo alishinda mashindano 11 mfululizo. Hadi leo Byrd anatajwa kuwa mtu pekee aliyecheza fainali za besiboli za World Series na pia mashindano ya gofu ya Masters.

Mafia si kisiwa cha gofu wala cha besiboli, lakini somo la Byrd linavuka bahari bila shida. Hakuna aliyemwambia kwamba yeye ni wa besiboli tu, arudi alikotoka. Alitafuta kosa ni lipi hasa, akalipatia zoezi rahisi lenye kipimo anachokiona mwenyewe, na akajipa muda.

BOLT ALIPEWA MIEZI, DOGO ANAPEWA DAKIKA

Kuhusu muda, soka lenyewe lina mfano mwingine. Mwaka 2018, Usain Bolt, binadamu mwenye kasi kuliko wote, alikwenda Australia kufanya majaribio Central Coast Mariners. Alianza mazoezi Agosti. Oktoba alifunga mabao mawili kwenye mechi ya kirafiki. Novemba akaondoka bila mkataba.

Kasi alikuwa nayo, mwili alikuwa nao. Kilichomkwaza ni kucheza na mpira mguuni katikati ya watu wanaofikiri haraka, kazi ambayo mbio za mita 100 hazifundishi. Hiyo ni hukumu ya haki. Ila angalia kitu kimoja: kabla ya kuhukumiwa, alipewa zaidi ya miezi miwili, makocha, madaktari na viatu vyake mwenyewe.

Dogo wa Mafia aliyecheza mpira maisha yake yote, anayehitaji kurekebisha mguu wa kusimamia na mguso wa kwanza tu, hupewa kipande cha mechi, tena akiwa amelala safarini na kucheza namba ambayo si yake. Bolt alikuwa na jina linalouza tiketi, dogo hana. Lakini klabu inayosema inasaka vipaji haiwezi kutumia jina kama kipimo cha subira.

Wapo pia waliovuka kwa kuelekea upande wa pili. Eric Cantona aliacha njumu za Manchester United, akaenda mchangani, na mwaka 2005 akiwa kocha aliipa Ufaransa ubingwa wa Kombe la Dunia la soka la ufukweni lililochezwa Rio de Janeiro. Hapa nyumbani, Boniface Pawasa, beki wa Simba ile iliyoitoa Zamalek mwaka 2003, amekuwa kocha wa timu ya taifa ya soka la ufukweni. Naye Zlatan Ibrahimovic alibeba taekwondo ya ujanani mwake hadi kwenye boksi, na kisigino chake kikawafunga Italia kwenye Euro 2004 kwa namna ambayo hakuna kitabu cha ukocha kinachoifundisha. Tabia ya mchezo mmoja ikipata mahali pake kwenye mwingine, inakuwa silaha.

DAWA IPO UFUKWENI, HAIHITAJI MFADHILI

Watu wengi wakisikia tatizo hili hukimbilia jibu moja: Mafia ijengewe uwanja wa nyasi bandia. Ni kweli unahitajika. Kisiwa chenye watu zaidi ya 60,000 kwa sensa ya 2022 kinastahili uwanja wa maana. Lakini watoto wa leo hawawezi kusubiri zabuni. Na kuna uwanja mgumu, tambarare, usio na kodi, ambao bahari huufungua na kuufunga yenyewe.

Kila mtu wa pwani anajua tofauti ya mchanga mkavu wa juu na ule wa maji kupwa. Wa juu unazama. Wa chini, maji yanapotoka, unabaki umeshikana, mguu haupotei na mpira unatembea. Tofauti ya maji kujaa na kupwa siku za bamvua Mafia hufikia mita 3 na zaidi, kwa hiyo sehemu zenye ufukwe wa mchanga hupata eneo kubwa la kuchezea. Bamvua huangukia mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji huwa yametoka sana mnamo saa nne asubuhi. Jumamosi ya bamvua ni darasa tosha. Siku za maji mafu kupwa huangukia jioni, eneo ni dogo, lakini kwa zoezi la pasi linatosha.

Kocha wa kijijini anaweza kuipanga ratiba yake kwa kalenda ya wavuvi: mchanga mkavu kwa ajili ya pumzi na mipira ya juu, mchanga wa kupwa kwa ajili ya pasi na mashuti ya chini. Vijana wale wale, siku ile ile, miguu miwili tofauti.

Mazoezi yenyewe ni ya bei ya kitambaa cha Byrd. Kwa anayechota, funga kamba kati ya milingoti miwili kwa urefu wa kiuno, na bao lihesabike likipita chini yake tu. Kwa mguu wa kusimamia, chora mstari kwa kidole kando ya mpira na umtake kijana akanyage hapo kila anapopiga. Mchanga wa kupwa unaandika jibu, kwani alama ya unyayo inabaki na haibishaniwi. Kwa mguso wa kwanza, ukuta na sakafu ya saruji: mpira upigwe ukutani, urudi kwa kasi, usiondoke zaidi ya hatua moja kutoka mguuni. Kwa kugeuka, aanze na raba za soli bapa kwenye ardhi ngumu, ageuke kwa hatua ndogo tatu badala ya moja kubwa, ndipo avae njumu. Na za meno mafupi, si zile ndefu za uwanja wa tope.

Wiki nne hadi sita za namna hii kabla ya kupanda boti hazitamfanya mtu kuwa staa. Zitamfanya aonekane alivyo, na hilo ndilo lengo la majaribio.

KLABU NAZO ZIJITAZAME

Mzigo huu usiachwe kwa mtoto na kocha wake wa kujitolea peke yao. Msaka vipaji anayejua kazi yake haulizi tu dogo amefanya nini leo, anauliza amejifunzia wapi. Akijua ametoka mchangani, atatazama vitu ambavyo haviongopi: anauona mpira mapema? Anachagua pasi sahihi hata kama ameipiga vibaya? Akikosea mara ya kwanza na kuelekezwa, mara ya tano imekuwaje? Mwenye kujirekebisha ndani ya saa moja ana thamani kuliko anayepiga vizuri leo na hajabadilika tangu mwaka jana.

Chama cha soka mkoani Pwani na kile cha wilaya vina nafasi pia. Badala ya kungoja vijana wavuke, kocha mmoja wa vijana anaweza kuvuka yeye, akakaa wiki moja Kilindoni na kuwaona kwenye ardhi yao na kwenye mchanga wa kupwa. Nauli ya mtu mmoja ni nafuu kuliko ya vijana ishirini. Mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, tayari yanawakusanya hao watoto. Kinachokosekana ni jicho linalojua kutenganisha kasoro ya mguu na upungufu wa kipaji.

Na kuna mlango mwingine ambao hausemwi sana. Si kila mguu wa mchanga lazima uhamishwe. Tanzania imecheza fainali za Afrika za soka la ufukweni mwaka 2018 kule Sharm El Sheikh, na imerudi tena baada ya hapo. Mchezo huo ni wa watu watano kila upande, pekupeku, vipindi vitatu vya dakika 12. Kuchota, tikitaka, kifua na bega ndiyo sarufi yake. Kwa kijana ambaye nyasi zimemkataa, huko madeni yake manne yanakuwa mtaji. Ni ajabu kwamba visiwa vyetu havisakwi kwanza timu hiyo inapoundwa.

Tanzania, Kenya na Uganda zinaandaa AFCON 2027. Maneno mengi yanasemwa kuhusu viwanja, barabara na hoteli, na ni sawa. Lakini wachezaji hawajengwi kwa saruji. Mtoto wa miaka 14 anayepiga danadana leo chini ya minazi ya Baleni hatacheza fainali hizo, ila anaweza kucheza zinazofuata, iwapo atakutana na mtu wa kumwonyesha pa kuweka mguu wa kusimamia kabla hajakutana na mtu wa kumwambia arudi kwao.